Nilikwenda Turkana Kutoa, Nikarudi na Deni



Vijana wenzangu, Oktoba ni mwezi wa umisioni, na kila mwaka ukikaribia hakosi kijana wa kunivuta pembeni baada ya Misa na kuniuliza: “Kaka, eti ile safari yenu ya Kenya ilikuwaje? Na sisi tunataka kwenda.” Huwa namjibu kifupi tu: “Ilikuwa nzuri, nendeni.” Leo nataka nijibu kwa kirefu, kwa sababu lile jibu fupi linaficha mambo mengi. Safari ilikuwa nzuri, ndiyo. Ila yale niliyotegemea yangenibadilisha hayakunibadilisha, na yaliyonibadilisha mengine bado yananiuma mpaka leo.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Injili ya Luka 10:1-20. Ndilo somo letu leo. Yesu anawachagua wafuasi sabini na wawili, anawatuma wawili wawili, wanakwenda, wanarudi. Angalia vitu vitatu: anawaambia wabebe nini, wanakuta nini huko, na wakirudi wanafurahia nini. Ukishasoma, rudi tuendelee.

Tulivyoondoka

Tulikuwa vijana kumi na mmoja kutoka Arusha, pamoja na padre mlezi wetu na sista mmoja. Karibu mwaka mzima tulichangisha nauli. Tuliuza maandazi na vitumbua baada ya Misa ya kwanza, tuliosha magari, tulipita kwenye jumuiya ndogondogo na bahasha. Akina mama wa jumuiya yetu walitoa mia tano, elfu moja, kila mmoja kwa alivyojaliwa. Siku ya kutumwa tuliitwa mbele ya altare, tukavalishwa rozari shingoni, watu wakapiga vigelegele. Aisee, nilijisikia kama Mtakatifu Fransisko Ksaveri anapanda meli ya kwenda India!

Tulivuka mpaka Namanga, tukalala Nairobi. Siku ya pili tukaenda Kitale, na siku ya tatu tukateremka kuelekea Lodwar. Ukitoka Kitale nchi ni ya kijani, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukishapita milima ya Pokot unateremka kwenye joto ambalo sikuwahi kulijua. Ardhi inakuwa kavu, miti inakuwa ya miiba. Mito inaonekana kama barabara pana za mchanga, maana maji yake hupita siku chache tu mvua ikinyesha. Wachungaji wanapita na mbuzi na ngamia, na wazee wanabeba vigoda vyao vidogo vya mbao ambavyo mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia.

Kanisa la huko bado ni kijana kama sisi. Wamisionari wa Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland walifika Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa kali, na Lodwar ikawa jimbo mwaka 1978. Maana yake ni kwamba wapo wazee huko wanaokumbuka siku padre wa kwanza alipofika. Sisi tuliotoka upande wa Kilimanjaro na Meru, ambako babu zetu walibatizwa zamani, tulifikiri tunakwenda kuwafundisha “wadogo zetu” katika imani.

Tulipangiwa kigango kimoja nje ya mji kwa siku kumi na nane. Kazi yetu ilikuwa kusaidia kumalizia ukuta wa darasa la chekechea, kufundisha watoto nyimbo na katekesi, na kutembelea familia. Sasa nitawaeleza mafundisho manne niliyoyapata, kila moja na mahali lilipotokea.

Fundisho la kwanza: Safari inakuvua ulichobeba

Katika Lk 10:4 Yesu anawakataza wale wafuasi kubeba mfuko wa fedha, mkoba wala viatu. Mimi nilibeba begi kubwa, spika ya muziki, katoni mbili za biskuti na simu yenye kamera nzuri niliyoazima kwa binamu yangu. Nilishapanga mpaka maneno ya kuandika kwenye stetasi kila siku.

Siku ya pili nilianza kugawa biskuti. Watoto walinizunguka. Nilimchukua mmoja, mvulana mdogo mwenye vumbi usoni, nikamkumbatia na kumpa pakiti, nikamwambia mwenzangu apige picha. Picha ilitoka safi. Nikakaa kivulini kuitafutia mtandao.

Katekista wa kigango kile, mzee mwembamba anayezungumza Kiswahili kidogo kidogo, alikuja akakaa karibu nami. Akaitazama picha kwenye simu, akaniuliza: “Kijana, huyu mtoto anaitwa nani?”

Sikujua.

“Mama yake je, unamjua?”

Simjui.

Akatikisa kichwa, akasema pole pole: “Umechukua uso wake. Jina hukuchukua.” Akainuka, akaenda zake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Niliifuta ile picha, na nakiri kwamba niliifuta kwa hasira. Nilijiambia mzee huyu haelewi, picha hizi ndizo zinazoleta misaada. Lakini usiku, nikiwa nimelala nje kwa sababu ya joto, swali lake halikuniacha. Yesu alipomponya kipofu wa Yeriko, kwanza alimsimamisha, akamuuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51). Alimjali mtu mwenyewe kabla ya muujiza. Mimi nilimfanya mtoto wa watu kuwa pambo la utakatifu wangu.

Kesho yake nilianza kazi ngumu kuliko kujenga ukuta, nayo ni kujifunza majina. Nilijifunza pia kusalimia, “Ejoka,” na nilipoikosea watoto walicheka mpaka wakaanguka chini. Yule mvulana nilikuja kumjua, na mama yake pia. Jina lake siliandiki hapa, nanyi mnajua sababu. Ila kila siku nikisali Rozari ninalitaja.

Fundisho la pili: Mmisionari ni mtu anayepokea

Soma tena Lk 10:7-8. Yesu anawaambia wafuasi wakae katika nyumba ileile, wale na kunywa wanavyopewa. Zamani niliona maneno haya kama ratiba ya chakula tu. Lakini fikiri vizuri. Anawatuma watu wasio na kitu mfukoni, kisha anawaambia wakubali kulishwa na wale wanaowahubiria. Yaani mmisionari anaanza kwa kuwa mgeni mwenye njaa. Mgeni mwenye njaa hana pa kuringia.

Maji ya kigango kile, pampu ikiharibika, hutoka kwenye visima vinavyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Wanawake na wasichana huchimba kwa mikono na mabakuli hadi mchanga unyevu, halafu wanasubiri maji yakusanyike taratibu. Tulipokuwa huko pampu ilikuwa imeharibika. Asubuhi moja nikaona akina mama wanachota, nikasema hapana, sisi wanaume tupo, leo mtapumzika. Hawakutaka. Nikalazimisha. Nikaruka ndani na viatu vyangu vizito, nikakanyaga ukingo, na mchanga wote ukaporomoka ndani ya kisima.

Kimya kilitanda. Ndoo zilikuwa zimepangwa mstari, na jua linapanda.

Halafu mama mmoja akacheka, na wote wakacheka. Wakanivuta nje, wakaanza kuchimba upya. Iliwachukua muda mrefu sana. Mimi nilisimama pembeni mikono inaning'inia, sijui nijifiche wapi. Maji yalipotokea tena, yule mama wa kwanza kucheka alichota kikombe cha kwanza, akaja kunipa mimi.

Nilikataa kwa kutikisa kichwa. Sista wetu aliyekuwa karibu akaniambia kwa sauti ya chini: “Mwanangu, kunywa. Ukikataa utamwambia kwamba yeye hana cha kukupa.” Nikanywa. Maji yalikuwa na ladha ya udongo. Nilianza kulia mbele ya watu, kijana mzima.

Baadaye padre mlezi alitusomea mwanzo wa Waraka kwa Warumi, sura ya kwanza, aya ya 11 na 12. Paulo anaanza kwa kusema anatamani kuwaona Warumi ili awashirikishe zawadi ya kiroho. Kisha ni kama anajisahihisha palepale: anataka wote wawili, yeye na wao, wafarijiane kwa imani ya kila mmoja. Na hii ni barua ya Paulo, mtume mkubwa, kwa watu ambao hajawahi kufika kwao! Kama Paulo alihitaji kutiwa moyo na imani ya Warumi, mimi ni nani nisihitaji imani ya akina mama wa Turkana?

Na imani wanayo. Neno lao la Mungu ni Akuj, na lina uhusiano na neno la juu, kule inakotoka mvua. Mtu anayeishi mahali pasipo na mvua anapotazama juu na kulitaja jina hilo, hafanyi mazoea. Mimi nasali Baba Yetu nikiwa nafikiria mechi ya jioni. Wao wakifika mahali pa kuomba mkate wa kila siku, wanaomba kweli mkate wa siku ile.

Fundisho la tatu: Usihesabu ushindi

Wafuasi sabini na wawili walirudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii. Yesu hakuwakemea, ila aliihamisha furaha yao: wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni (Lk 10:20). Tazama, ni majina tena!

Niseme ukweli kuhusu ukuta wetu. Tuliufanyia kazi siku tisa. Fundi wa pale kijijini, kwa ustaarabu wake, alikuwa anarudi jioni sisi tukiwa tumelala na kunyoosha mistari tuliyoipindisha. Tuligundua siku ya kumi. Mafundi wawili wa palepale wangeumaliza mapema kuliko sisi kumi na mmoja, na wangelipwa, na watoto wao wangekula.

Hapo kijana mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo wengi wetu tulilimeza: “Sasa, si tungetuma tu hizo nauli?”

Ni swali zuri, na msilikwepe. Wapo wanaosafiri kwenda kutazama umaskini wa wengine kama watu wanavyokwenda mbugani kutazama simba, wakarudi na picha na kusema wameguswa. Kama ndiyo safari yenu, basi kweli, tumeni nauli. Tulimpelekea swali hilo paroko wa kule. Akafikiri kidogo, akatujibu kwamba hela ingewasaidia, asidanganye. Lakini akasema tangu waumini wake wabatizwe, wamezoea kuona wamisionari kutoka Ulaya. Waliposikia safari hii wanakuja vijana weusi kutoka Tanzania, waliojichangia kwa kuuza maandazi, wazee waliuliza mara mbili kama ni kweli. “Vijana wangu sasa wanauliza na wao wanaweza kutumwa wapi,” akasema.

Nikakumbuka historia. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alifika Kampala, Papa wa kwanza wa nyakati zetu kukanyaga Afrika, akawaambia Waafrika kwamba sasa wao wenyewe ni wamisionari wa bara lao. Miaka minne kabla, mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati ya Ad Gentes ulifundisha kwamba Kanisa kwa asili yake ni la kimisionari. Hakuna jimbo lililoumbwa kupokea tu, wala lililoumbwa kutoa tu. Kwa hiyo jibu langu ni hili: tuma hela, na uende pia, lakini nenda kama ndugu. Na kama kuna kazi ambayo fundi wa pale anaiweza, mwache fundi aifanye kwa malipo, wewe msogezee mawe.

Jambo jingine ni ahadi. Siku ya kuaga, mmoja wetu aliwaambia watoto, “Tutarudi mwakani na mipira na sare!” Katekista hakutafsiri. Tukamwuliza kwa nini. Akasema wageni wengine nao walisema hivyo, na watoto huwa wanahesabu. Ndiyo yenu na iwe ndiyo (Mt 5:37). Kama hujui kama utarudi, usiseme utarudi.

Fundisho la nne: Misioni ngumu iko nyumbani

Hapa ndipo ninapopata kigugumizi.

Usiku mmoja baada ya Rozari, yule katekista alituuliza mmoja mmoja habari za nyumbani. Kwao salamu haikamiliki bila kuuliza watu na mifugo. Zamu yangu ikafika. Aliniuliza ni nani anayenifuata kuzaliwa. Nikasema, mdogo wangu wa kiume. “Hajambo?” Nikajibu, “Hajambo.” Tukaendelea na mwingine.

Vijana wenzangu, nilikuwa sijui kama mdogo wangu hajambo. Nilikuwa na miezi minane sijaongea naye. Nilimpa mtaji auze viatu vya mtumba, akaumaliza kwenye kubeti. Nilipojua nilimtukana mbele ya mama yetu, nikasema sina ndugu. Akahama nyumbani, akapanga chumba mtaa wa pili. Kutoka kwetu hadi kwake ni dakika kumi kwa miguu. Nami nilikuwa nimesafiri siku tatu kwenda kuhubiri upendo.

Ile “hajambo” ilikuwa uongo niliousema nikiwa na Rozari mkononi. Usiku ule nikakumbuka Mt 5:23-24: ukileta sadaka yako altareni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo nawe, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Mimi sadaka yangu niliibeba mpaka nchi ya pili ili nisipite mtaa wa pili.

Mnadhani niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwake? Hapana. Kwanza nilitoa ushuhuda kanisani, nikapigiwa makofi. Niliwasimulia habari ya kisima, watu wakatokwa machozi. Tulipofika nyumbani mama akaniambia maneno mawili tu: “Umeongea vizuri. Mdogo wako hakuwepo.” Bado nilikaa wiki nzima.

Nilipokwenda, alifungua mlango nusu. “Umekuja kunihubiria?” Nikasema, “Nimekuja kunywa chai.” Alinitazama sana, akaniambia hana sukari. Nikasema sawa. Tukanywa chai ya rangi bila sukari, tumekaa juu ya ndoo na kitanda, hatuongei. Nikakumbuka kile kikombe cha maji ya udongo. Kama sikukinywa kile, nadhani hiki kingenishinda, ningekwenda dukani kununua sukari ili niwe mkubwa tena. Mwishoni nilimwomba msamaha kwa yale maneno niliyosema mbele ya mama. Habari ya mtaji hatukuigusa.

Natamani niwaambie kwamba mdogo wangu sasa ameacha kubeti na anaimba kwaya. Sivyo. Wiki nyingine anaacha, wiki nyingine anarudia. Fedha hajalipa na sijui kama atalipa. Ila Jumapili jioni tunakunywa chai, na mtu akiniuliza kama hajambo, naweza kujibu kweli.

Mnamkumbuka yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa jeshi la pepo? Aliomba apande mashua amfuate Yesu. Yesu alikataa, akamtuma arudi nyumbani kwa watu wake akawasimulie (Mk 5:18-20). Wengine wanatumwa mbali, wengine wanarudishwa nyumbani, na mara nyingi mtu huyohuyo anatumwa kote kuwili. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliingia monasteri akiwa na miaka kumi na mitano, akafa mwaka 1897 bila kwenda misioni yoyote, na mwaka 1927 Papa Pius XI akamtangaza kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri. Mmoja alizunguka Asia, mwingine alivumilia masista wenzake ndani ya ukuta mmoja. Kanisa linawaweka pamoja.

Kama mnataka kwenda

Sasa nasema tena: nendeni. Ila zingatieni haya.

Kwanza, mjitayarishe kwa sala na maungamo, siyo kwa michango tu. Muulize moyo wako ni nani mtaani kwako humsemeshi. Nenda kwake kabla hujakata tiketi. Usifanye kama mimi.

Pili, waulizeni wenyeji wanahitaji nini, kupitia paroko wao, nanyi mkubali jibu hata kama siyo mlichotaka kufanya. Jifunzeni maneno machache ya lugha yao kabla hamjafika.

Tatu, simu ziwekwe pamoja. Sisi kama tungeanza upya, tungechagua mtu mmoja wa kupiga picha, kwa ruhusa ya wazazi, na hakuna picha inayotoka kabla hatujarudi.

Nne, mkirudi msiishie kwenye ushuhuda wa Jumapili moja. Moto wa safari huzimika haraka. Kati yetu kumi na mmoja, wanne ndio tunaokutana bado kila mwezi. Tunasoma Injili, tunatembelea wagonjwa wa mtaani, na tunapeleka mchango mdogo kule kwa ajili ya pampu. Siwalaumu wale saba. Nasema tu kwamba ambaye hakupata kazi ya kufanya nyumbani, safari yake imebaki kwenye albamu.

Na kama huna nauli wala ruhusa, usihuzunike. Mwenyeheri Pauline Jaricot wa Lyon, Ufaransa, alianza na senti za wafanyakazi wa viwandani waliochangia kila wiki na kusali kwa ajili ya misioni, na mwaka 1822 likazaliwa shirika la Uenezaji wa Imani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kama wewe. Yule mama wa jumuiya aliyetoa mia tano kwa ajili ya nauli yangu alikuwa Turkana kabla yangu.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika kikundi

1. Katika Lk 10:1-20, ni agizo gani la Yesu linalokusumbua zaidi? Kwa nini?

2. Ni lini mara ya mwisho ulipokea msaada kutoka kwa mtu uliyedhani hana kitu? Ulijisikiaje?

3. Je, umewahi kutangaza tendo jema kabla ya kujua jina la uliyemtendea?

4. Dakika kumi kwa miguu kutoka kwako, ni nani anayekusubiri?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliwatuma wafuasi wako mikono mitupu ili wajifunze kupokea. Utuvue majivuno tunayobeba kwenye mabegi yetu. Utufundishe majina ya watu unaotutuma kwao. Uwabariki ndugu zetu wa Turkana, uwape mvua, na maji yao yasikauke. Uwakumbuke wadogo zetu na kaka zetu tuliowafungia mlango, utupe ujasiri wa kubisha hodi. Na tukirudi kutoka popote ulipotutuma, tufurahi kwa sababu unatujua. Mama Bikira Maria, uliyekwenda kwa haraka milimani kumtumikia Elizabeti, utuombee. Amina.

Mungu awabariki. Mkitoka hapa, kabla ya kufungua kitu kingine kwenye simu, mpigie yule mtu wa swali la nne.